Shajara ya Mpiga Honi

Jumamosi, 11 Januari 2025. Mombasa

Kwenye gemu la Elite Dangerous, nimeondoka Colonia usiku huu na chombo changu cha zamani, Asp Explorer. Tangi limejaa, silaha nimezitoa zote ili chombo kiwe chepesi. Nia ni kufika katikati ya galaksi, kwenye shimo jeusi la Sagittarius A*, bila haraka, nikiskani kila mfumo utakaonivutia njiani. Elite Dangerous ina mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400, na galaksi yake ina ukubwa sawa na hii yetu. Tangu gemu litoke Desemba 2014, wachezaji wote kwa pamoja hawajafikisha hata asilimia moja. Ukichepuka kidogo tu kwenye njia zilizozoeleka, unaingia mahali ambapo hajaingia mtu.

Safari hii nataka kuangalia jambo moja na kuliandika kila nikilikuta: ni nini hasa kinachoniamulia pa kwenda. Zamani ningesema ni udadisi. Siku hizi nashuku ni skana.

Jumapili, 12 Januari

Utaratibu niuandike leo, nisiurudie tena. Unaingia mfumo mpya, nyota inajaa dirisha zima, unageuza chombo pembeni uchote mafuta kwenye ukingo wake. Nyota za aina O, B, A, F, G, K na M ndizo zinazochoteka. Nyingine hazifai, na waliokwama kwa kulisahau hilo ni wengi. Huku ukichota, unashikilia kitufe cha skana. Baada ya sekunde chache unatoka mlio mzito, wa chini kabisa, ndiyo maana wachezaji husema wanapiga honi.

Honi haikupi zaidi ya idadi. Hapa kuna magimba 23, basi. Ni sayari gani, ziko wapi, hujui. Unapunguza mwendo hadi karibu na sifuri, unafungua skana ya masafa ambayo sote twaiita FSS, na dirisha linageuka kuwa anga la buluu lenye mabaka ya mwanga kwenye mstari wa mizunguko. Chini kuna mkanda wa masafa wenye vilele. Kila aina ya gimba ina sehemu yake kwenye mkanda huo. Majitu ya gesi hukaa mwisho wa kulia. Unazungusha hadi kwenye kilele, unalenga baka, unavuta karibu, na picha inajikusanya mpaka sayari inasimama mbele yako na jina la aina yake.

Mkono wangu unakumbuka redio ya mawimbi mafupi ya marehemu babu: vile ulivyokuwa ukipita kituo kidogo tu, sauti inakwaruza, unarudi nyuma nusu ya unywele. Kila aina ya sayari ina mlio wake pia. Ukizoea, sikio linajua kabla jicho halijasoma maandishi.

Usiku huu sikusogea hata kidogo kwenye mfumo ule. Nimegundua magimba yote 23 nimesimama palepale pembeni mwa nyota.

Jumamosi, 18 Januari

Sentensi ile ya mwisho ya Jumapili imenisumbua wiki nzima kazini.

Haikuwa hivi zamani. Kabla ya tarehe 11 Desemba 2018 skana zilikuwa tatu, na ulizinunua. Ya kwanza iliona magimba yaliyo ndani ya sekunde za nuru 500 tu. Ya kati, 1,000. Ya juu haikuwa na mpaka, na bei yake ilikuwa zaidi ya krediti milioni moja na nusu, fedha ambayo mchezaji mchanga aliitazama kwa mbali. Mwenye skana ya chini alikuwa na ujanja mmoja: anaendesha chombo akitazama anga, na kile kinukta kinachosogea wakati nyota za nyuma yake zimetulia, hicho ndicho sayari. Watu walikuwa wakipata sayari kwa macho yao, kwa kulinganisha tu kilicho karibu na kilicho mbali.

Ukiwa na skana ya juu, honi moja ilikufungulia ramani ya mfumo mzima na picha za sayari zote. Takwimu hukupewa, hizo zilikutaka uruke mpaka karibu na kulielekea gimba lenyewe kwa muda. Lakini picha zilikuwepo. Kwa hiyo kazi ya mgunduzi ilikuwa kuangalia ramani na kuchagua. Ile ya buluu yenye mawingu meupe, twende. Ile ya kahawia karibu na pete, ah, wacha. Mawe na barafu yaliachwa kwa maelfu bila mtu kuyagusa.

Nasikia watu wakisema ule ulikuwa ugunduzi wa kweli na huu wa sasa ni ukarani. Ni kweli nusu. Sasa hivi mimi ni karani: nina orodha ya 23 na sitoki mpaka zitimie 23, hata kama 15 ni mipira ya barafu. Lakini zamani nilikuwa mteja dukani, nikichagua kwa rangi. Tena wanaoukumbuka wakati ule kwa mapenzi hawataji safari zenyewe. Anayetaka kuonja ajaribu kwenda Hutton Orbital, kituo kilicho umbali wa mwaka wa nuru 0.22 kutoka nyota kuu ya Alpha Centauri: kwa injini ya kawaida ni zaidi ya saa nzima ukitazama namba zikipungua. Kwa sayari moja ya mbali, wengi walikuwa wakiwasha injini na kwenda kupika.

Mabadiliko yale ya 2018 yaliondoa uvivu wa namna moja yakaleta wa namna nyingine.

Jumapili, 19 Januari

Leo vichunguzi, na hapa nasema Frontier, waunda gemu hili, walipatia.

Baada ya kuipata sayari kwa FSS, ukitaka ramani yake lazima uende. Hakuna njia ya mkato. Unafika karibu, unafungua skana ya uso, na unafyatua vichunguzi vidogo ambavyo mvuto wa sayari unavipinda. Kinachonifurahisha ni hapo: ukilenga sayari yenyewe, kichunguzi kinaangukia upande huu. Ukilenga nje kidogo ya ukingo, kinajikunja na kuangukia nyuma, mahali usipopaona. Ukilenga nje zaidi, kinapotelea angani.

Kila sayari ina idadi inayolengwa. Ukiimaliza kwa vichunguzi visivyozidi hapo, unalipwa nyongeza. Mwezi mdogo wa mawe una mvuto hafifu, njia ya kichunguzi hainyooki wala haipindi sana, unapiga viwili mbele, vingine pembeni, umemaliza. Jitu la gesi ni mambo mengine kabisa. Leo nilikuwa na moja lenye pete. Vichunguzi vya ukingoni vilizunguka kwa ghafla na kurundikana nyuma mahali pamoja, nikaacha mstari mrefu wa eneo tupu kwenye ikweta upande wa pili. Ilibidi nipunguze umbali wa kulenga kila mara, nusu ya upana, robo ya upana, hadi mabaka yakagusana. Pete nazo unazipiga peke yake, na zikikubali zinakuonyesha palipo na madini ya kuchimbwa.

Wakati ule wa kulenga sikuwa namfikiria mtu wala fedha. Nilikuwa nafikiria uzito wa sayari. Skana ikikufanya ufikirie uzito wa kitu ambacho hakipo, basi imefanya kazi yake.

Jumapili, 26 Januari

Salim, mtoto wa dada, amekuja na pedi yake mfukoni kana kwamba kwangu hakuna. Akasimama nyuma ya kiti nikiwa kwenye FSS.

“Mjomba, hapa mwaua nini?”

“Hatuui kitu. Twasikiliza.”

Alivumilia sayari nne, ya tano akavuta kiti. Akanionyesha No Man's Sky aliyonayo yeye, gemu la Hello Games lililotoka Agosti 2016, lenye sayari zaidi ya kwintilioni 18. Kule skana ni ukarimu mtupu. Unabonyeza, wimbi linaenea ardhini, na alama zinachomoza mpaka nyuma ya milima: hapa kaboni, pale mashine iliyoanguka, kule pango. Unavaa darubini ya kofia, unamlenga mnyama, sekunde chache ameandikwa kwenye orodha na umelipwa. Kila sayari ina orodha ya wanyama wake, na ukiikamilisha unapata zawadi.

Nilimwangalia akitembea kwenye bonde zuri sana, nyasi nyekundu, mwezi mkubwa juu. Macho yake hayakutoka kwenye alama. Nilimwambia azime darubini atazame. Akazima, akatazama, akasema, “Sasa niende wapi?”

Sikumlaumu. Kidole kikizoea kuonyeshwa, jicho linaacha kutafuta.

Jumapili, 9 Februari. Malindi

Harusi ya upande wa mke wangu ilikuwa jana. Leo asubuhi shemeji alitupeleka Ngomeni, tukala samaki, na kule baharini tukaiona mitambo ya San Marco imesimama kwenye miguu yake, mali ya Waitaliano, hairushi roketi tena tangu 1988.

Nimekaa hapa barazani nikiandika kwa sababu tangu nianze daftari hili sikuwa nimefikiria kwamba skana ya anga iliyonifundisha zaidi ilirushwa hapa, saa chache kutoka nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliinuka kutoka kwenye mtambo ule na setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo kwa upande wa NASA, ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru. Ilirushiwa hapa kwa sababu ya ikweta: njia iliyo juu ya ikweta hukwepa ule ukanda wa mionzi ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao ungejaza vigunduzi kelele.

Na jinsi ilivyofanya kazi! Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na vigunduzi vyake viwili vikitazama pande zinazopingana. Kimoja kilikuwa na mwanya mpana wa digrii 5, kwa hiyo kilikusanya mengi, hata hafifu, ila hakikujua barabara yalitoka wapi. Cha pili kilikuwa na mwanya wa nusu digrii. Hicho kilijua wapi. Mpaka orodha ya nne na ya mwisho inachapishwa mwaka 1978, vyanzo vya eksirei vilikuwa 339. Kabla ya Uhuru vilikuwa makumi tu.

Chukua Cygnus X-1. Ilishajulikana tangu 1964 kwa roketi iliyochungulia dakika chache ikaanguka. Uhuru ilipoitazama kwa utulivu, mwanga wake wa eksirei ulionekana ukibadilika ndani ya muda mfupi kuliko sekunde, na kitu kinachobadilika haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Mwaka 1971 darubini za redio zikaonyesha mahali pake barabara. Mwaka 1972 wanaastronomia wa Uingereza na Kanada wakapima jinsi nyota jirani yake inavyoyumba, na kutokana na kuyumba huko wakapata uzito wa jirani asiyeonekana: shimo jeusi. Kila chombo kilikuwa chembamba kuliko kilichotangulia, na kila kimoja kilimtaka mtu akae muda mrefu zaidi mahali padogo zaidi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya sayansi ya Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Honi, masafa, vichunguzi. Frontier, waunda gemu wa Cambridge, wamefuata ngazi ileile, wajue wasijue.

Jumamosi, 15 Februari

Nimerudi Mombasa, stima ilikuwepo, bando lilikuwepo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua ramani ya galaksi na kuandika Cygnus X-1. Ipo. Shimo jeusi na nyota yake kubwa ya buluu, mahali pake, kwenye ramani hiyohiyo. Kutoka nilipo mimi ni mbali mno, sitaenda mwaka huu.

Nimeruka mifumo mingi leo bila kuisoma. Nyota kibete za kahawia, honi, magimba mawili, twende.

Jumapili, 23 Februari

Jirani yangu wa ghorofa ya pili anacheza EVE Online. Tumekaa kwenye ngazi tukibishana.

Kule skana si ya ugunduzi tu, ni ya kunusuru roho. Tangu Machi 2009, walipoleta mashimo ya minyoo, kuna mifumo ambayo orodha ya waliopo haionyeshwi mpaka mtu mwenyewe aseme neno. Njia ya pekee ya kujua kama uko na adui ni kubonyeza skana ya uelekeo, ambayo inaona umbali wa vizio vya astronomia 14.3 hivi, na kubonyeza tena, na tena, kila sekunde chache, muda wote unaofanya kazi yako. Jirani anasema vidole vyake vinabonyeza hata akiwa anazungumza na mama yake kwa simu. Kutafuta mlango wenyewe wa kutokea ni kazi nyingine: unatawanya vichunguzi vinane, tufe zao zinapishana, unazipunguza na kuzisogeza mpaka ishara inafika asilimia mia.

Nikamwambia kuhusu Mass Effect 3 ya mwaka 2012, ambako kila ukiskani unawaamsha adui kwenye mfumo ule, na ukizidisha wanakuja. Alikubali kuwa hilo ni wazo zuri. Ya kabla yake, Mass Effect 2, hakuitetea, wala mimi: kuburuta duara polepole juu ya sayari nzima ukitafuta madini ni kazi ya kuadhibia watoto.

Honi ya Elite haina gharama yoyote. Hakuna anayeisikia ila wewe. Mpaka leo nilikuwa naona hilo ni la kawaida.

Jumapili, 9 Machi. Baada ya tarawehe

Mfungo unanipa saa za usiku. Tangu Odyssey, nyongeza ya gemu ya Mei 2021, kuna ngazi moja zaidi chini ya vichunguzi, na usiku huu nimeishukia kikamilifu.

Mwezi ulikuwa wa mawe, wenye hewa nyembamba. FSS ilisema kuna ishara za kibiolojia. Vichunguzi vikanionyesha, kwa rangi hafifu juu ya ramani, wapi huenda Stratum inakua. Ramani inasema huenda. Kuanzia hapo hakuna chombo kinachokusaidia: unashuka, unaruka chini kwa chini, macho yako na taa. Stratum hutambaa juu ya ardhi kama magamba mapana, na kutoka juu, jua likiwa limesimama, huwezi kuitofautisha na vivuli vya mawe. Nikajifunza kusubiri jua liwe chini. Hapo kingo zake zinanyanyuka.

Nikatua, nikatembea, nikaelekeza kifaa, sampuli ya kwanza. Lakini zinatakiwa tatu, na kila moja itoke mbali na nyingine, kusudi isiwe mmea uleule uliojigawa. Kwa Stratum ni mita 500. Tussock ni mita 200 tu, unaenda kwa miguu. Osseus ni 800, na hukaa kwenye majabali, utapanda na kushuka. Sheria hii ndogo ya umbali ndiyo iliyonifanya niujue mwezi ule. Nimejua bonde lake moja lenye mchanga mwekundu, na mteremko ambao gari langu dogo liliteleza mpaka chini, na mahali ambapo sayari mama huonekana kati ya vilima viwili. Kwa FSS mwezi ule ungenichukua sekunde.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Sayari inayofanana na Dunia, ile ambayo kila mgunduzi anaitafuta na ambayo inalipa mamilioni, hairuhusiwi kutua. Unaipata kwa masafa, unaipiga vichunguzi, unaipita. Mawe yaliyodharauliwa siku za picha ndiyo yanayokubali mguu wa mtu sasa.

Daku imefika. Data yote bado iko kwenye chombo, na chombo kikivunjika kabla sijaiuza inapotea yote, jina langu nalo haliandikwi popote.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefika Explorer's Anchorage, kituo kilicho jirani na Sagittarius A*, kilichosimamishwa kutokana na msafara mkubwa wa wachezaji wa mwaka 2019, Distant Worlds 2. Nilishuka gatini taratibu kama mtu aliyebeba mayai, nikauza ukurasa baada ya ukurasa. Mifumo mingi ina jina langu sasa kama mgunduzi wa kwanza. Michache kuna mtu alinitangulia kuuza.

Nikipitia orodha hiyo, naikumbuka mifumo kwa kadiri nilivyosogea ndani yake. Yale magimba 23 ya usiku wa pili, hakuna hata sayari moja ninayoweza kuieleza. Jitu la gesi lenye pete nalikumbuka kwa lile eneo tupu la ikweta. Mwezi wa Stratum ningeweza kumchorea Salim.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa faida ya daftari tu. FSS ibaki, sitaki kurudi kuchagua sayari kwa rangi, wala kwenda Hutton kila siku. Lakini honi irudishiwe picha za magimba yaliyo ndani ya sekunde za nuru 1,000, kama skana ile ya kati ya zamani, na yaliyo mbali zaidi yabaki kuwa masafa ya kutafutwa. Mtu aingie mfumo, aone kitu karibu kinachomvutia, awashe injini kabla hajafungua orodha. Hilo moja tu ndilo ningewaomba walibadilishe.